Wavu wa Mwanakombo

Katika mwalo wa Kibirizi, ufukweni boti za wavuvi zinapofikia, wanawake wanaoanika dagaa walimwita Melania jina la Mama Wasiwasi. Hawakumsengenya nalo, walimwita usoni kwake, naye aliitika, maana hakuwa na la kujitetea. Pikipiki ikipiga breki barabarani, yeye alitaja jina la binti yake, Diana. Upepo ukibadilika asubuhi kabla wavuvi hawajarudi, chai ilimkaa kinywani mpaka aione boti ya mumewe inageuza pua kuja nchi kavu. Mume huyo, Jeremia, mtu mpole asiyeharakisha maneno, alizoea kusema kwamba siku Mungu akichoka kuilinda Kigoma atamwachia Mama Diana zamu.

Melania alizaliwa Kidahwe, kwa wakulima wa mihogo na michikichi. Shule aliishia darasa la nne, kwa sababu mama yake alijifungua mapacha na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki nao. Akaambiwa: wewe kaa, waangalie wadogo zako. Akakaa, akawaangalia. Mapacha wakakua, wakaoa, wakahamia Kasulu na kusahau kama waliwahi kubebwa, lakini kazi ile ya kuangalia Melania hakuiacha tena. Alipoolewa akaja nayo ziwani kama wengine wanavyokuja na sanduku la nguo.

Ziwani alijifunza dagaa. Dagaa ni samaki wa jua. Wakipata jua zuri wanakauka wakiwa na harufu ya kuita watu mezani. Wakinyeshewa wanakuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo mwalo ule una sheria yake, ingawa hakuna aliyewahi kuitangaza. Wingu likitanda kutoka upande wa Kongo, mtu hakimbilii dagaa wake mwenyewe. Mnaanza kuanua wa yule asiyekuwepo. Awe amekwenda kliniki, awe amefiwa, awe amelala tu nyumbani kwa uvivu, wavu wake wa kuanikia ndio wa kwanza kukunjwa, maana aliyepo ana mikono yake. Na kila anayeshika wavu wa mwenzake hupaza sauti, "Mwenyewe yuko wapi?" Huko ni kumwita, ili popote alipo ajue mvua imekuja na mali yake ina watu. Watoto wa Kibirizi hujifunza maneno hayo pamoja na shikamoo.

Jirani yake pale mchangani alikuwa Mwanakombo, mjane wa Ujiji, mwanamke mnene mwenye ushungi safi na ulimi usiopumzika. Alikuwa amejenga kijumba chake juu kidogo ya mwalo, kwenye mteremko, ili awe karibu na biashara. Nyavu zao zilitandikwa ubavu kwa ubavu mwaka baada ya mwaka, na wote wawili walijuana mpaka namna ya kukohoa. Mwanakombo hakumwita rafiki yake Mama Wasiwasi. Alimwambia, "Melania, mimi nalala vizuri kwa sababu wewe hulali." Halafu angeongeza kwamba siku Melania akifa, malaika watamkuta ameshashika mwavuli.

Ndipo Eliakimu akarudi.

Eliakimu alikuwa mtoto wa mwalo ule ule. Ujanani alimuua mwenzake waliyekuwa wakivua pamoja, kijana aliyeitwa Khalfani, katika ugomvi wa injini ya boti. Alihukumiwa kunyongwa, adhabu ikapunguzwa ikawa kifungo cha maisha, na baada ya miaka mingi gerezani akaachiwa kwa parole. Masharti yake yalijulikana na kila mtu: aripoti kwa mtendaji wa kata, asihame bila ruhusa, na akilalamikiwa kwa ugomvi wowote anarudishwa ndani.

Alirudi na mvi, na sauti ya chini, na Biblia kwapani. Aliwabebea wazee maji. Aliingia kwaya. Alisaidia kuvuta boti za watu ambao baba zao walisimama mahakamani kumshitaki. Watu wakaguswa, wakasema amelipa deni lake na dunia, na huenda ni kweli wengi hulipa. Melania hakumchukia. Alimwangalia tu, kama alivyoangalia kila kitu. Na siku moja kijana mmoja alimtania Eliakimu kuhusu jela mbele ya kadamnasi, Eliakimu akacheka pamoja na wote. Wote waliona kicheko. Melania aliona kamba ya boti aliyoishika, jinsi alivyokuwa akiizungusha kwenye kiganja, akiikaza, akiikaza, mpaka vidole vikabadilika rangi, huku bado anacheka.

Aliposimulia hayo nyumbani, Diana binti yake, ambaye alikuwa fundi cherehani sokoni Mwanga, alimcheka sana. "Mama, hata mchungaji ukimwangalia hivyo, lazima atakiri kitu."

Mwanakombo ndiye aliyempa Eliakimu chumba cha uani, ili naye amsaidie kubeba magunia. Melania alimsihi asifanye hivyo. Alimweleza habari ya kamba. Mwanakombo alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akasema mtu ameshafungwa kwa kosa lake, na si haki kumfunga mara ya pili kwa macho.

Masika yalipoanza, Mwanakombo alikuja mchangani siku moja ushungi wake umeshuka kuliko kawaida. Upepo ulipoufunua, Melania aliona alama chini ya sikio. Hakuuliza, alikaa karibu naye na kuendelea kugeuza dagaa, na baada ya muda Mwanakombo akasema mwenyewe. Eliakimu alitaka wafunge ndoa. Mwanakombo alikuwa amekataa, mara ya kwanza kwa utani na mara ya pili bila utani, na mara hiyo ya pili akapigwa.

"Nakwenda kwa mtendaji," alisema. "Nimeshamwambia."

"Umemwambia nani? Mtendaji?"

"Nimemwambia yeye Eliakimu. Ahame kwa hiari yake kwanza. Sitaki kumrudisha mtu jela bila kumpa nafasi, Melania."

Melania alimwomba ahamie kwake usiku huo huo, hata kama ni kulala kwenye mkeka pamoja na Diana. Mwanakombo akampigapiga goti kama mtu anayembembeleza mtoto, akamwambia aache, kesho jua litakuwa kali, waanike mapema.

Kesho yake jua lilikuwa kali kweli. Mwalo mzima uling'aa. Mchana ulipoanza kulegea, Mwanakombo alipanda nyumbani kwake kuswali alasiri, akiwa amemwachia Melania kuangalia dagaa wake kama kawaida. Hakukawia kuonekana wingu. Lilitoka nyuma ya milima ya Kongo, jeusi chini na kijivu juu, na ziwa likabadilika sura. Wanawake wakainuka wote kwa pamoja. Melania aliutupa ufagio wake na kukimbilia wavu wa Mwanakombo, kwa kuwa Mwanakombo hakuwepo, akashika ncha moja na kupaza sauti kuelekea mteremkoni, "Mwenyewe yuko wapi?"

Wavu wa kuanikia haukunjwi na mtu mmoja. Akageuka kutafuta wa kumsaidia. Leonia, mmoja wa waanikaji wenzake, alikuwa hatua chache kutoka pale akipambana na chanja, na Ummy, mwingine, yuko ng'ambo yake. Ndipo mwanamume akashuka kwa kasi kwenye njia ya kutoka kwa Mwanakombo, na bila kuitwa akashika ncha ya pili. Alikuwa Eliakimu. Walikunja kama watu waliozaliwa pale wanavyokunja: wewe unakuja, mimi nakuja, katikati tunakutana, dagaa wanabaki tumboni mwa wavu. Walipokutana katikati, Melania aliona kwamba mikono ya shati lake imelowa mpaka viwikoni. Tone la kwanza la mvua lilikuwa bado halijaanguka.

Eliakimu akabeba furushi kwa haraka, pembe moja ikamponyoka na dagaa wachache wakamwagika bila yeye kutazama nyuma, akalitia bandani. Melania akamshukuru. Yeye akasema, "Haya, shemeji," akaondoka kwa kufuata mitumbwi, si kwa njia aliyojia. Na mvua ikashuka yote kwa mara moja.

Bandani, huku akijikamua kanga, jambo moja lilimsumbua Melania kama mfupa wa samaki kooni. Eliakimu hakuuliza mwenyewe yuko wapi. Alishika wavu wa mtu na hakuuliza.

Mvua ilipokatika, Ummy alipanda kumpelekea Mwanakombo habari njema kwamba dagaa wake wamepona. Aliteremka bila viatu. Mwanakombo alikuwa jikoni kwake, ameuawa kwa mchi wa kinu chake mwenyewe.

Polisi walikuja wakauliza kila mtu. Eliakimu alieleza kwa machozi kwamba tangu asubuhi alikuwa Mwandiga, kwa binamu yake Feliksi anayekamua mawese, na Feliksi akaitikia kwamba ni kweli. Wanawake wa mwalo waliulizwa kama walimwona mtu. Mmoja baada ya mwingine walijibu kwamba mvua ilikuwa inakuja na kila mtu aliangalia samaki wake. Lilikuwa jibu la uongo pale pale lilipotamkwa, maana mvua ikija hakuna anayeangalia samaki wake, lakini askari hakuwa mtu wa ziwani. Ikafika zamu ya Melania. Alitikisa kichwa tu. Askari akapita.

Huko Ujiji, kwenye mazishi, Eliakimu alichimba kaburi mpaka wafiwa wakamnyang'anya jembe kwa huruma.

Baada ya siku kadhaa alimfuata Melania mchangani, akasimama mahali ambapo wavu wa Mwanakombo ulizoea kutandikwa. Alimsalimia vizuri. Alimwulizia Jeremia. Akasema mvua ya siku ile ilikuwa kubwa, na mvua kubwa huweza kumfanya mtu adhani ameona kitu. Kisha akamwonyesha kifungo kipya kifuani pake.

"Diana kanishonea. Ana mkono mwepesi mwanao. Sasa kila siku napita pale kumsalimia."

Alisema hivyo tu, akaenda zake.

Melania aliyekuwa akiogopa pikipiki na upepo sasa alipata kitu cha kuogopa chenye ukubwa wa hofu yake. Mwanzoni hofu ilimwambia anyamaze, na alinyamaza. Aliwaza kwamba akinyamaza mwanawe atapona. Lakini hofu ya mtu aliyeizoea haikai mahali pamoja. Hugeuka huku na huku ikitafuta mlango uliosahauliwa. Akawaza: nikinyamaza, ataacha kupita? Nitamlinda Diana mpaka lini, na kwa jicho lipi? Mwanakombo naye alikuwa amempa nafasi.

Asubuhi moja alijitwisha beseni la samaki aina ya migebuka kama anayekwenda kuuza, akapanda gari mpaka Mwanga. Alifika kwenye baraza la mafundi, na picha aliyoikuta hakuisahau tena. Eliakimu alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na cherehani, amenyoosha miguu kama yuko kwake, anasimulia kitu, na Diana amekata uzi kwa meno huku anacheka.

Melania aliweka beseni chini. "Diana, funika cherehani. Twende."

"Wapi, mama? Nina gauni la mtu."

"Twende."

Diana alimtazama mama yake usoni, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika uso ule wa wasiwasi wa kila siku: ulikuwa umetulia. Akainuka. Walikata soko lile mama amemshika binti mkono kama siku ya kwanza ya shule, Diana bado ameshika mkasi wake, na hawakusimama mpaka kituo cha polisi. Beseni la migebuka lilibaki pale pale miguuni mwa Eliakimu, na mafundi wanasema alilitazama kwa muda mrefu.

Melania akasema yote: alama chini ya sikio, ndoa iliyokataliwa, njia aliyoshukia, mikono ya shati, ncha ya pili ya wavu. Askari aliandika, akampigia mwenzake simu, na jua halijapinduka Eliakimu alikuwa mikononi mwao.

Sasa ikaja kazi ngumu, ya kungoja kesi. Diana alipelekwa Kasulu kwa wajomba zake, wale mapacha, ambao safari hii wao ndio walioambiwa wakae wamwangalie. Mwaloni maneno yaligawanyika. Wapo waliosema wazi kwamba Eliakimu alishahukumiwa kifo mara moja akaponea chupuchupu, hivyo akitiwa hatiani tena hakuna atakayemhurumia, na kwamba Melania anamfunga mtu kitanzi kwa mdomo wake. Ndugu zake walikuja nyumbani, wakaketi kwa adabu, wakapiga makofi ya salamu kama desturi ya Waha, wakauliza kama ana uhakika. Leonia na Ummy walianza kutandika nyavu zao mbali na yeye. Pale alipozoea kuwa na jirani kulia na kushoto, pakawa na mchanga mtupu.

Kilichomnyima usingizi si vitisho. Ilikuwa ni kile kitanzi. Alikuwa mtu wa kuhurumia hata kuku wa kuchinjwa. Akamweleza Jeremia, ambaye alikuwa anashona wavu, na Jeremia akashona macho mengine mengi ya wavu ndipo akajibu.

"Kuhukumu si kazi yako, Mama Diana. Wewe ulishika wavu tu. Useme nani alishika upande wa pili."

Melania akashikilia hapo.

Mahakama Kuu ilipokaa Kigoma, Melania alivaa gauni aliloshonewa na Diana na kanga aliyowahi kupewa na Mwanakombo siku ya Idi. Ukumbi ulijaa watu wa mwalo. Eliakimu alikuwa kizimbani na Biblia yake, ameinamisha kichwa kile chenye mvi, na hata Melania alihisi kumwonea huruma. Feliksi alikuwa amekwisha kutajwa kama shahidi wa upande wake. Zaidi ya Melania, hakuna mwingine aliyesema alimwona Kibirizi siku ile. Kama Melania asingeaminika, Eliakimu angetoka kwa mlango ule ule alioingilia, na kwenda Mwanga.

Alisimulia polepole, wakili wa Serikali akimwongoza. Kisha akainuka wakili wa utetezi, kijana mstaarabu aliyemwita mama kila mara, na aliyekuwa anafanya kazi yake.

"Mama, hapo mwaloni wanakuitaje?"

Watu wakaanza kuguna kwa kicheko. "Wananiita Mama Wasiwasi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ninaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Vitu vingi. Pikipiki, upepo, maji ya ziwa."

"Na Eliakimu ulimwogopa tangu aliporudi, kabla hajakukosea lolote. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mama, mtu mwenye hofu anaweza kuona anachokiogopa hata pale ambapo hakipo."

Melania alishika ukingo wa kizimba. Sauti ilitoka ndogo, lakini kila mtu alisikia. "Ninachokiogopa ndicho ninachokiangalia sana, mwanangu. Wenzangu hawakumwogopa, hawakumwangalia. Mimi nilimwangalia."

Wakili akabadili njia. Akasema kwamba mvua ilikuwa inakuja kwa kasi, watu wanakimbia huku na huku, na kwamba huenda Melania aliukunja wavu na mwanamke mwenzake na sasa amechanganya. Akamtaka aieleze mahakama huyo anayedai ni Eliakimu aliukunjaje wavu.

"Aliukunja vizuri mwanzoni," alisema Melania. "Mwishoni akawa na haraka. Pembe moja ikamponyoka, dagaa wakamwagika mchangani."

"Hakuna hata dagaa mmoja aliyemwagika!"

Sauti ilitoka kwa nguvu, na haikuwa ya wakili. Kichwa chenye mvi kilikuwa kimeinuka. Eliakimu alikuwa amesimama, shingo imemvimba, kidole amemwelekezea Melania, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetukanwa tusi la mzazi. Alikuwa ametajwa muuaji tangu asubuhi na akavumilia kwa upole wake ule. Lakini mtoto aliyezaliwa Kibirizi, kuambiwa mbele ya watu wa kwao kwamba alimwaga dagaa wa mtu mvua ikija, hilo hakuweza. "Nilikunja mwenyewe mpaka bandani," alisema. "Dagaa wale niliwaokoa mimi."

Alipofika kwenye neno mimi ndipo alipojisikia.

Wakili wake alifumba macho. Jaji aliandika, akaandika, kisha akainua uso na kumwomba mshtakiwa akae, kwa sauti ile ile aliyoitumia kutwa nzima. Nyuma, kutoka kwenye viti vya watu wa mwalo, mzee mmoja alisema taratibu kama anayejisemea, "Kumbe alikuwepo."

Kilichofuata kilikuwa kama bwawa lililobomoka. Siku iliyofuata Leonia alikwenda mwenyewe kwa wakili wa Serikali kusema kwamba alimwona Eliakimu akishuka njiani, na kwamba alificha kwa kuogopa. Ummy akamfuata, yeye alimwona akiondoka kwa kufuata mitumbwi. Wanaume wawili waliokuwa wakishona nyavu nao wakakumbuka. Feliksi, alipoitwa, alijiumauma kisha akakiri kwamba binamu yake alifika Mwandiga jioni, amelowa chapachapa, akaomba asemewe.

Melania aliwatazama wanawake wale wakipanda kizimbani mmoja mmoja. Alitembea kurudi nyumbani kichwa juu, kanga ya Mwanakombo begani. Wachuuzi wa Mwanga walikuwa wameshasikia. Mmoja alimwamkia, kisha mwingine, na muuza viazi ambaye hakumjua hata kwa sura akamwambia, "Mama, hongera." Hakujua ajibu nini, kwa hiyo akamwonya kwamba mwavuli wake wa meza umekaa vibaya, utamwangukia mtu.

Siku ya hukumu kulipambazuka na jua safi. Kwa kuwa hakujua atarudi saa ngapi, Melania alitandika dagaa wake alfajiri, akawaacha. Hakumwomba mtu. Wala hakuwa na jirani wa kumwomba. Mchanga wa kulia na kushoto ulikuwa bado mtupu, maana Leonia na Ummy, kwa kuwa walimkimbia mwanzo, bado waliona haya kurudi karibu naye.

Jaji alisoma kwa muda mrefu. Alisema mshtakiwa alishapewa maisha yake mara moja na sheria, na kwamba mwanamke aliyeuawa naye alikuwa amempa nafasi kabla ya kumlalamikia. Alisema maneno aliyoyatamka mshtakiwa mwenyewe hapo ukumbini hayawezi kuelezwa na kitu kingine ila ukweli kwamba alikuwepo. Akamtia hatiani. Kisha akasema kwa kosa la kuua kwa kukusudia sheria ina adhabu moja tu, na akaitaja: kunyongwa hadi kufa.

Eliakimu aliisikia akiwa amesimama. Alikuwa ameshaisikia zamani. Askari walipomgeuza, alipita karibu na Melania, akasimama nusu hatua.

"Shemeji," alisema, "kweli walimwagika?"

"Walimwagika. Kesho yake niliwazoa mwenyewe."

Akatikisa kichwa, akaenda. Melania hakushangilia, wala hakulia. Alisikia tu mwili wake ukilegea mahali ambapo alikuwa hajui kwamba umekaza: begani, tumboni, kwenye vidole. Nje alimpigia Diana simu Kasulu. Alimwambia arudi, magauni ya watu yanamngoja. Diana akauliza kama kweli arudi peke yake, bila kusindikizwa.

"Rudi peke yako," alisema Melania.

Walikuwa wanashuka na Jeremia kuelekea Kibirizi wingu lilipojitokeza nyuma ya milima ya Kongo, jeusi chini na kijivu juu. Siku nyingine zote Melania angekimbia. Safari hii aliwaza kwamba ameshachelewa, dagaa wale ni wa kuku, na kwa bei ya siku kama hii si kitu. Akaendelea kutembea kando ya mumewe. Upepo ulianza kuvuta nguo zao.

Kutoka juu ya mteremko, karibu na kijumba kilichofungwa cha Mwanakombo, waliuona mwalo wote. Wanawake walikuwa wameinuka. Nyavu zao zimetandazwa mchanga mzima, hakuna aliyegusa wa kwake. Wote walikuwa upande mmoja, kwenye wavu wa Melania. Leonia ameshika ncha moja, Ummy ya pili, wengine wamezunguka pembeni na mafagio wanasukuma dagaa waliotoroka, wote wanakwenda katikati kukutana. Leonia akainua uso kuelekea mteremkoni na kupaza sauti iliyoshinda upepo.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Jeremia alimtazama mkewe. Melania alikuwa amekwisha kuvua viatu, ameviweka mkononi.

"Nipo!" aliitikia, kwa sauti ambayo Kibirizi haikuwahi kuisikia kwake, akateremka mbio kwenda kuwasaidia kuanua wa kwao.